Profesa wa Ukurasa wa Kumi na Sita

Mtaani kwetu naitwa Profesa, na jina hilo nililipata kwa wizi.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina mlango mmoja, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja nimeuwekea tofali. Kila asubuhi nanunua gazeti. Naruka siasa, naruka mpira, naruka matangazo ya vifo, natua ukurasa wa kumi na sita kwenye fumbo la maneno. Ikifika saa sita mchana fumbo limejaa, kwa kalamu ya wino, bila kufutafuta, nami nalitundika mlangoni kwa pini mbili ili kila apitaye alione. Chini yake, sina hata haya, huwa naweka sahihi. Fundi viatu wa jirani huja na nyundo yake mkononi, akalisoma lote, akatikisa kichwa.

"Profesa," husema, "kichwa kama hicho kinafanya nini hapa?"

Humjibu kwamba ni mazoezi tu ya ubongo. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nimevuma miaka sita.

Mwenye ubongo ni kaka yangu. Yeye ni dereva wa ofisi, na kazi ya dereva wa ofisi, kama hujui, ni kungoja. Bosi anaingia kwenye mkutano wa nusu saa, anatoka baada ya saa tatu. Kaka amengoja hivyo miaka thelathini na minne. Wenzake walisinzia, yeye akasoma magazeti yaliyoachwa kiti cha nyuma, pamoja na kamusi isiyo na jalada anayoiweka pale ambapo madereva wengine huweka sigara. Ameisoma kamusi nzima mara mbili, ya pili kwa sababu alihisi ya kwanza aliharakisha. Maneno yote anayo, lakini kuyatoa ni mchoyo. Ukimwuliza habari za nyumbani atakwambia "nzuri", na hapo mmeshamaliza mazungumzo.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Asubuhi najaza ninayoyaweza, ambayo mara nyingi ni wanyama wawili na tunda moja. Yanayonishinda naandika nambari zake kwenye ukingo wa kushoto wa gazeti. Saa nne kaka anaegesha gari la ofisi ng'ambo ya barabara, anaingia, anakaa upande wa benchi usio na tofali, namimina chai, namsomea.

"Mtoto wa chura. Herufi kumi."

"Kiluwiluwi."

Mimi na yeye tulilelewa kando ya bwawa moja, tukiwavua hao viluwiluwi kwa kopo moja. Hata hivyo nilijaza jina lao kwa herufi kubwa za kujiamini, nikaguna kidogo, kama mtu aliyekuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Kaka alikunywa chai yake. Katika miaka yote sita hakuwahi kuuliza kwa nini majibu yake yanakaa mlangoni na sahihi yangu.

Mwaka huu zamu yake ya kustaafu ikafika. Wenzake ofisini wakampa zawadi ya kitambaa cha suti, kijivu, chenye mistari myembamba ya kusimama, na yeye akakileta kwangu kikiwa bado kwenye karatasi yake. Akakiweka mezani, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Nataka unishonee wewe," akasema. "Ijumaa ya kuagwa nisimame mbele yao na suti yangu. Sijawahi kuwa nayo."

Kwa kaka hiyo ilikuwa hotuba. Na alisema kweli. Miaka thelathini na minne amevaa sare ya kaki, na siku ya harusi yake alivaa koti la kuazima ambalo mwenye nalo alilihitaji kabla jua halijazama. Nikamwambia atulie, aniachie mimi, nitamshonea suti hadi bosi wake amfungulie mlango wa gari.

Nilimpima palepale, na hapo ndipo nilipojipalia makaa. Daftari langu la vipimo lilikuwa limejaa, lakini gazeti lilikuwa wazi mezani na fumbo bado lina mapengo. Fundi mwenye akili angepima kwanza, halafu afumbue. Mimi nilifanya yote kwa wakati mmoja. Kaka akasimama amenyoosha mikono, mimi nikamzungushia tepu huku jicho langu moja likiwa gazetini.

"Thelathini na nane. Kiungo cha katikati ya mkono, herufi nane. Si kiwiko, kiwiko ni sita."

"Kisugudi," akasema, na tepu yangu wakati huo imelala juu ya kisugudi chenyewe.

Vipimo nikaviandika ukingo wa kulia. Kwa kuwa utaratibu wangu haubadiliki, kifua, kiuno, mkono, mguu, siku hizi siandiki hata majina, naandika nambari tu. Mabega na kola nakadiria kwa jicho. Kaka alipoondoka nikachukua mkasi, nikapunguza kingo zote mbili za gazeti ili fumbo lipendeze mlangoni. Ukingo mmoja nikaubana kwa pini kwenye kitambaa, mwingine ukaenda na takataka. Kisha nikatoka kwenda kumwita fundi viatu aje aone kisugudi.

Nilikata suti hiyo kwa raha. Kitambaa kilibaki kingi kuliko nilivyotarajia, nikajisifu kwamba huo ndio ukataji wa mtu mwenye uzoefu. Kazini kwetu mabaki ni ya fundi, basi nikajishonea kizibao. Vipande havikutosha kusimamisha mistari, nikailaza, nikaona ndiyo mtindo. Nilijiona nimeketi mstari wa mbele siku ya sherehe, watu wakinong'ona kwamba yule ndiye mdogo wake, fundi, tena ni profesa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata kaka akaja kujaribu. Suruali ilipanda hadi nyongani ikagoma. Akavuta pumzi, akavuta tumbo, nikavuta mimi, na kifungo kikabaki mbali na tundu lake inchi mbili nzima. Koti liliingia mabegani, lakini mbele pande zake mbili hazikusalimiana. Akajitazama kwenye kioo chenye ufa, mikono imetoka kwenye koti, vifundo vya miguu viko nje.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa wa pili.

"Kaka," nikasema, "umenenepa."

Akalishika tumbo lake. Kaka yangu ni mwembamba, amekuwa mwembamba tangu tuko kando ya lile bwawa. Lakini mimi ndimi fundi, na tepu ilikuwa shingoni mwangu.

"Kwa siku tisa?" akauliza.

"Inatokea. Kustaafu kunakaribia, mwili unajua."

"Na miguu? Nayo imenenepa?"

"Suruali ikibana kiunoni hupanda juu," nikasema, na hadi leo nashangaa uongo huo ulitoka wapi, maana ulitoka haraka kuliko jibu lolote nililowahi kulitoa kwenye fumbo.

Akavua taratibu, akakunja suruali vizuri kwenye mkunjo wake. Bado siku nane, akasema. Nisihangaike. Mwili ni wake, ataupunguza mwenyewe.

"Ukijitahidi kidogo tu," nikamwambia.

Alipotoka ndipo nikakitazama kile kipande cha gazeti kilichokuwa bado kimebanwa kwenye kipande kidogo cha kitambaa kilichobaki. Thelathini na nane, thelathini na tatu, ishirini na nne, arobaini. Zilikuwa nambari za heshima kabisa, na mtu mwenye vipimo hivyo bila shaka yupo mahali. Nikaenda mlangoni, nikafunua mafumbo yaliyotundikwa hadi nikafika la Jumanne niliyompima. Thelathini na nane kwenda kulia, kisugudi. Nilikuwa nimemkatia kaka yangu suti kwa nambari za maswali yaliyonishinda.

Ningeweza kumkimbilia. Alikuwa bado anavuka barabara, gari hata hajaliwasha. Nilisimama mlangoni nikamtazama anaondoka, huku nikijiambia kwamba nitafumua mishono, nitaachia, mambo yatajipa. Nilifumua. Kitambaa cha akiba nilichoacha ndani ya mishono kilinipa inchi moja, kwa kuwa nilikibania ili kizibao changu kipate mfuko. Ile zawadi ilikuwa kipande cha mwisho dukani. Niliulizia, hakikuwapo tena. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nilianza kujiaminisha kwamba hata hivyo kaka alikuwa ameongezeka kidogo, hasa usoni.

Akaendelea kuja saa nne kama kawaida. Siku ya kwanza akakataa sukari. Siku ya pili akakataa chai, akaomba maji. Nikamsomea nambari, akajibu. Siku ya nne nikamsomea: mtoto wa ng'ombe, herufi tano. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua, nilimwachia tu kwa mazoea. Akanitazama muda mrefu.

"Limenitoka," akasema.

Nikaandika ndama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda kaka, na chai ilinipalia.

Jumatano asubuhi, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya sherehe, akaja shemeji, mke wa kaka. Shemeji ni mwanamke wa kuweka kitu mezani kwanza kisha aseme, na aliweka bakuli zito lenye mfuniko, limefungwa kwa kitambaa cha jikoni.

"Shemeji," akasema, "kaka yako anasema anakula kwako. Mchana kwako, na jioni haoni njaa kwa sababu ya mchana. Nimekuja kuuliza unampa nini."

Nikasema nampa maji.

"Maji."

"Chai aliikataa."

Akakaa kwenye benchi, upande wa tofali, benchi likayumba, hakujali. Akaniambia kwamba jana kaka alisimamisha gari kando ya barabara, bosi yuko nyuma, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Miaka thelathini na minne hajawahi hata kukwangua bampa. Bosi alimwuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana, anapunguza mwili kidogo kwa ajili ya suti. Amekaza mkanda matundu mawili. Asubuhi hii alipoinuka kitandani alishika ukuta.

"Ninachotaka kujua," shemeji akasema, "ni suti gani hiyo inayomfanya mume wangu ashike ukuta."

Nilimwambia. Nilimwonyesha kile kipande cha gazeti, nikamweleza ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wangu kwa masikio yangu mwenyewe. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alisimama, akalisogeza lile bakuli karibu yangu.

"Mimi sitamwambia," akasema. "Utamwambia wewe, na atakula hapa."

Saa nne kaka akaingia. Akakaa, akangoja nimsomee. Niliona jinsi shingo ilivyocheza ndani ya kola ya sare, na moyo uliniuma kweli, maumivu ya mtu anayejua ni nani aliyeyafanya. Kila siku nilikuwa naazima maneno kwa kaka. Siku hiyo nilihitaji yangu mwenyewe, na sikuwa nayo. Nikachomoa pini, nikaweka kile kipande cha gazeti mbele yake.

Akavaa miwani. "Thelathini na nane," akasoma. "Hii ilikuwa kisugudi." Akashusha kidole. "Thelathini na tatu, shupatu. Ishirini na nne, mpini. Arobaini, utosi." Akatazama pale kilipokuwa kimebanwa. "Mbona kilikuwa kwenye kitambaa changu?"

"Ndivyo nilivyokata."

Gari likapita nje, likapita jingine. Kaka akavua miwani.

"Kwa hiyo sijanenepa."

"Hujanenepa."

"Na miguu?"

"Miguu ni ileile, kaka. Nilijua tangu Alhamisi ile. Ulipotoka tu, nilijua."

Hilo la pili ndilo lililompata. La kwanza lilikuwa kosa la kazi, na kaka anajua makosa ya kazi. Akaangalia mikono yake.

"Siku sita," akasema. "Nilikuwa naulaumu mwili wangu. Nilikuwa nausema vibaya. Kumbe wenyewe ulikuwa sawa."

Nikamwomba msamaha. Sikuwahi kumwomba msamaha kaka yangu tangu tukiwa watoto tukigombea kopo, na sauti yangu ilitoka nyembamba, ya yule mtoto. Akaikunja miwani, akaitia mfukoni. Halafu akanusa hewani.

"Mama watoto kaleta nini?"

Alikula bakuli lote la wali na maharage, kijiko kwa kijiko, nami nilisimama kando nimeshika birika. Alipomaliza akaomba chai yenye sukari tatu. Fumbo la siku hiyo halikujazwa. Fundi viatu alipokuja na nyundo yake kuuliza vipi, nikamwambia limenishinda, kama yanavyonishinda yote, na kama anataka majibu amwulize dereva. Alicheka, akidhani nafanya unyenyekevu.

Kile kizibao nilikifumua siku hiyohiyo. Kila kipande kiliingia kwenye suti: viwili ubavuni mwa koti, kimoja nyuma ya kiuno cha suruali, vingine kwenye mapindo ya miguu na mikono. Mistari ya suti inasimama, ya kizibao ililala, na hapakuwa na namna ya kuigeuza kwa vipande vidogo vile. Kaka alipoivaa Alhamisi ilimwenea. Ila ukimtazama kwa ubavu ulikuta, kama kwenye fumbo, mahali palipo na kwenda kulia na palipo na kushuka. Yeye alijigeuza mbele ya kioo, akainua mkono nusu, akasikiliza mshono, akaushusha.

"Nitatembea mikono chini," akasema.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa ofisi, viti vya plastiki, soda, na keki iliyoandikwa cheo chake. Mimi niliketi mstari wa pili karibu na shemeji, nimevaa shati. Bosi alisema mengi, kwamba katika miaka yote hajawahi kuchelewa mahali kwa sababu ya dereva huyu, ila kwa sababu yake mwenyewe bosi. Watu walicheka. Kaka akaitwa. Alisimama mbele yao na suti yake, wima, mikono chini, na hotuba yake ikawa neno moja, "Asanteni." Lakini alisimama muda mrefu baada ya kulisema, akiwatazama, na hakuna aliyemharakisha.

Baadaye, watu wakiwa na soda mkononi, mhasibu wa ofisi akamzunguka. Ni mama mwenye macho ya kazi yake. Akatazama ubavu wa kulia, akaenda ubavu wa kushoto.

"Imekupendeza," akasema. "Ila hapa pembeni, nani alikushonea hivi?"

Nilikuwa nimesimama palepale, hatua moja. Kaka hakunigeukia.

"Nilinunua dukani," akasema. "Ikiwa tayari."

Kaka yangu hasemi uongo. Hata kwenye fumbo, neno likizidi herufi moja halitaki, hata kama linaingia kwa kubanwa. Na sasa alikuwa anausema mbele ya watu aliofanya nao kazi maisha yake yote, siku yake ya mwisho, ili mimi nisiaibike. Ningeweza kunyamaza. Miaka sita nilikuwa nimeweka sahihi kwenye kazi yake nzuri, na hii ilikuwa yangu, mbaya, kila mshono.

"Nimeishona mimi," nikasema. "Nilikosea vipimo, nikamdanganya kwamba amenenepa. Akashinda na njaa siku sita ili imwenee."

Mhasibu alinitazama, akautazama ubavu tena. "Aa," akasema.

Wengine wawili watatu wakasogea kuja kuona. Ndipo kaka akainua mkono, wote kabisa, akanishika bega.

"Huyu ni mdogo wangu," akawaambia. "Fundi."

Mshono wa kwapani ukaachia, kuanzia juu hadi ubavuni, na ukumbi wote uliusikia. Hakuushusha mkono.